Paulo Alipodhaniwa Kuwa Mmisri

Neno la Jumapili
Masomo: Kumbukumbu la Torati 1:16–17, Matendo ya Mitume 21:27–40



Tunawasalimu ninyi mliofika ibadani, na ninyi mnaosoma ujumbe huu nyumbani au kazini kwa sababu ya zamu, ugonjwa au nauli. Jumapili hii tunakaa kwenye somo ambalo wengi tumelisikia tangu Shule ya Jumapili, lakini tunalipita haraka ili tufike kwenye hotuba ya Paulo. Leo tusimame kwanza kwenye ngazi za ngome, pale alipokamatwa.

Mnyororo kwanza, swali baadaye

Paulo yuko hekaluni Yerusalemu. Wayahudi waliotoka Asia walikuwa wamemwona mjini akiwa na Trofimo, mtu wa Efeso, asiye Myahudi. Kwa hiyo wakapiga kelele kwamba amemwingiza mgeni mahali patakatifu. Luka anaeleza sababu ya kelele hizo katika mstari wa 29: walidhani. Hakusema waliona. Walichoona ni watu wawili wakitembea pamoja barabarani. Mengine wakayamalizia wenyewe vichwani mwao. Kwa dhana hiyo mji mzima ukataharuki, Paulo akaburutwa nje, watu wakaanza kumpiga ili wamwue.

Jemadari wa Kirumi akafika na askari. Ni kweli aliyaokoa maisha ya Paulo. Lakini angalieni utaratibu wake. Kwanza aliamuru afungwe kwa minyororo miwili, halafu ndipo akauliza ni nani na amefanya nini. Tena hakumwuliza Paulo, aliuliza umati, na umati ukajibu huku hivi na huku vile. Baadaye Paulo alipofungua kinywa na kusema Kiyunani, jemadari akashangaa. Alikuwa ameshaamini kwamba mtu huyu ni yule Mmisri aliyewaongoza watu elfu nne wauaji kwenda jangwani.

Basi Paulo alibeba tuhuma mbili ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yake: kwamba ni mgeni, na kwamba ni mwasi. Tuhuma hizi zikikutana juu ya kichwa cha mtu mmoja, watu huona kesi imekwisha kabla haijaanza. Nani atataka ushahidi juu ya mgeni ambaye pia anataka kupindua nchi?

Musa alikuwa ameonya jambo hili mapema. Katika Kumbukumbu la Torati anawakumbusha waamuzi wa Israeli kwamba wasikilize shauri la mwenyeji na la mgeni kwa kipimo kimoja, wamsikilize mdogo sawasawa na mkubwa, wala wasiogope uso wa mtu yeyote. Sababu anayoitoa ni moja: hukumu ni ya Mungu. Anayehukumu anashika mkononi kitu kisicho chake.

Fordsburg, mwaka 1922

Wengi wetu tunaifahamu Fordsburg. Tunakwenda kununua vitambaa, viungo, simu na vitu vya harusi. Ni wachache wanaojua kwamba Machi 1922 mtaa huo ulipigwa kwa mizinga ya serikali.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza bei ya dhahabu ilishuka. Wenye migodi wa Johannesburg wakataka kuwaondoa wafanyakazi wazungu karibu 2,000 kwenye kazi zao na kuwaweka Waafrika, ambao waliwalipa ujira mdogo sana. Januari 1922 wachimbaji wazungu zaidi ya 20,000 wakagoma. Kufikia Machi mgomo ukawa maasi ya silaha. Waziri Mkuu Jan Smuts akatangaza sheria ya kijeshi, akaleta askari, mizinga na hata ndege. Tarehe 14 Machi Fordsburg, iliyokuwa ngome ya wagomaji, ikaanguka. Watu zaidi ya 150 walikuwa wamekufa: askari, polisi, wagomaji na watu waliokuwa wakijipitia tu.

Katika siku zile za vita mwenye duka mmoja wa Fordsburg aitwaye Marais alikamatwa na wagomaji, akapigwa risasi. Walisema anawapelekea polisi habari. Baadaye mchimbaji mmoja mzaliwa wa Wales, Samuel Long, ambaye watu walimwita Taffy, alishtakiwa kwa mauaji hayo.

Long alikuwa mhamiaji, na alikuwa mtu wa siasa kali za wafanyakazi. Aliingia mahakamani wakati ambapo wakubwa wa nchi walikuwa wakisema kwamba maasi yale yalikuwa njama ya Wabolsheviki. Watawala walikuwa na mazoea ya namna hiyo. Miaka minane nyuma, Januari 1914, serikali ilikuwa imewachukua viongozi 9 wa wafanyakazi, wengi wao wazaliwa wa Uingereza, ikawapandisha meli bandarini Durban na kuwafukuza nchini bila kuwafikisha mbele ya hakimu yeyote.

Kesi ya kwanza ya Long ilisikilizwa mbele ya juri, yaani raia waliochaguliwa kuamua kama mtu ana hatia. Raia wale hawakukubaliana. Ingetosha hapo kusema kwamba kuna shaka. Lakini Long alishtakiwa tena, safari hii mbele ya mahakama maalumu ya majaji isiyokuwa na juri kabisa, na huko akahukumiwa kifo. Tarehe 17 Novemba 1922 alinyongwa katika gereza la Pretoria pamoja na wagomaji wengine wawili, Herbert Hull na David Lewis. Walikwenda kwenye kitanzi wakiimba wimbo wa wafanyakazi. Watu 18 walihukumiwa kifo kutokana na maasi yale. Wanne ndio walionyongwa.

Hatuwezi kuingia ndani ya mioyo ya majaji wale. Lakini tunaweza kuuliza swali ambalo Musa angeuliza: juri iliposhindwa kukubaliana, kwa nini kilichobadilishwa ni mahakama, wakati ushahidi ndio uliokuwa na shaka?

Muuza samaki na fundi viatu

Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari, kesi nyingine ilikuwa inaendelea. Tarehe 15 Aprili 1920, katika mji wa South Braintree, jimbo la Massachusetts huko Marekani, majambazi waliwaua watu wawili waliokuwa wamebeba mishahara ya kiwanda cha viatu. Walioshtakiwa ni wahamiaji wawili kutoka Italia: Nicola Sacco, fundi katika kiwanda cha viatu, na Bartolomeo Vanzetti, muuza samaki. Wote wawili walikuwa waanakisti, watu wasiokubali serikali ya aina yoyote.

Walipokamatwa walikuwa na bastola, na walidanganya polisi. Mahakamani uongo ule ulihesabiwa kuwa dalili ya hatia. Wao walieleza kwamba waliogopa kufukuzwa nchini kwa sababu ya siasa zao, maana siku zile serikali ya Marekani ilikuwa ikiwakamata na kuwarudisha makwao wahamiaji wa mrengo wao. Sisi tuliowahi kuona mtu mwema akitetemeka mbele ya askari kwa sababu karatasi yake imekwisha muda, tunajua kwamba hofu na hatia zinaweza kuvaa uso mmoja.

Mwendesha mashtaka alimhoji Sacco kwa kirefu kuhusu mapenzi yake kwa Marekani, na kwa nini alikwenda Mexico mwaka 1917 ili asiingizwe jeshini. Hayo yalikuwa na uhusiano gani na risasi za South Braintree? Nao walijibu kwa Kiingereza cha kubabaika. Julai 1921 wakaonekana na hatia. Jaji Webster Thayer ndiye aliyesikiliza maombi yao ya kesi mpya moja baada ya jingine, hata ombi lililodai kwamba yeye mwenyewe ana upendeleo. Akayakataa yote.

Dunia ilipiga kelele. Hata hapa Johannesburg waandamanaji waliichoma bendera ya Marekani. Lakini tarehe 23 Agosti 1927 wawili wale waliuawa kwa kiti cha umeme. Ilipotimia miaka 50 kamili, gavana wa Massachusetts, Michael Dukakis, alitangaza kwamba hawakutendewa haki katika kesi yao na kwamba aibu iondolewe kwenye majina yao. Angalieni vizuri: hakutangaza kwamba hawakuua. Hadi leo wanahistoria wanabishana kuhusu hilo, hasa kuhusu Sacco. Gavana alisema jambo lingine, nalo ni zito: hata kama mtu ana hatia, amedhulumiwa ikiwa alihukumiwa kwa sababu ya alikotoka na anachokiamini.

Maana mahakama ina swali moja tu la kumwuliza mshtakiwa wa mauaji: mkono wako umefanya nini? Ikianza kuuliza umetoka wapi, unazungumza lugha gani, unampenda nani katika siasa, imeacha kutafuta mwuaji. Na mwuaji wa kweli, kama ni mwingine, analala usingizi mzuri.

Usimsahau Marais

Lakini, wapendwa, tukiishia hapo tutakuwa tumehubiri nusu. Ni rahisi kumlilia Taffy Long. Je, na Marais?

Marais pia alikuwa ametuhumiwa. Alihukumiwa na watu waliodhani, kama wale wa Asia walivyodhani hekaluni. Hakupewa wakili, hakupewa siku ya kujitetea, hakupewa hata juri ya kutokubaliana juu yake. Watu waliolalamika baadaye kwamba mahakama ya serikali haikuwatendea haki, kwao kulikuwa na mahakama ya haraka zaidi: neno jasusi lilitosha.

Tena wagomaji wale walibeba bango lililowaita wafanyakazi wa dunia yote waungane wapiganie Afrika Kusini ya wazungu. Katika siku za maasi baadhi yao waliwashambulia na kuwaua Waafrika mitaani. Mmoja wao, Carel Stassen, alinyongwa kwa kuwaua Waafrika wawili. Na katika migodi ile wahamiaji waliokuwa wengi hawakuwa watu wa Wales. Walikuwa Waafrika, maelfu kwa maelfu, wengi wao kutoka Msumbiji, waliofungiwa kwenye kambi za wachimbaji. Wagomaji hawakuwahesabu kuwa ndugu.

Hapo ndipo Neno linapotukata. Mtu anaweza kudhulumiwa asubuhi na akadhulumu jioni. Kuwa mgeni hakukufanyi mtakatifu. Ndiyo maana Mungu hakuwaambia Israeli tu kwamba waliteswa Misri. Aliwaambia kwamba kwa kuwa waliteswa, wasimtese mgeni. Mateso ya Misri aliyageuza kuwa amri.

Dhana iliyo mitaani mwetu

Mambo haya kwetu si historia tu. Mei 2008, vurugu zilipoanzia Alexandra na kuenea, watu 62 waliuawa, na wengi wetu tulilala kwenye vituo vya polisi na makanisani. Wenye fujo waliwashika watu njiani na kuwauliza kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Aliyekosea neno alikuwa amehukumiwa. Watu wa Gileadi walifanya hivyohivyo kwenye vivuko vya Yordani, katika Waamuzi 12, kwa neno moja ambalo Waefraimu hawakuweza kulitamka. Lakini kumbukeni hili pia: kati ya hao 62, watu 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Dhana haina macho. Ikishaachiwa kumtafuta mgeni, inamla na mwenyeji.

Aprili 2022, huko Diepsloot, baada ya watu kuuawa na wahalifu mtaani, kundi lilipita mlango kwa mlango likidai vitambulisho. Baba mmoja kutoka Zimbabwe akauawa. Huzuni ya wakazi wa Diepsloot ilikuwa ya kweli. Walizika watu wao, na haki yao ya kulindwa na polisi ni haki ya Mungu. Lakini wauaji wao hawakutafutwa kwa kuuliza nani alifanya nini. Swali lilikuwa moja: karatasi yako iko wapi?

Tuna methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mambo mengine, lakini kwenye shauri la damu ni sumu. Lisemwalo linaweza kuwa halipo kabisa. Mahali pa kulipima ni kwa mashahidi wawili au watatu, kama Torati inavyosema, na mshtakiwa akiwapo kujibu.

Kwa hiyo tunatoa mawaidha manne kwa jumuiya yetu.

Kwanza, neno jasusi, muasi, au mtu wa kabila fulani lisitoke midomoni mwetu kama hukumu. Wengi katika kusanyiko hili wamekimbia vita vya Kivu, Ituri na Burundi. Tunajua jinsi sura ya mtu, urefu wake au lafudhi yake ilivyotosha kumtoa kwenye basi kizuizini. Mtu asije akavuka mipaka mitatu na kufika Yeoville au Rosettenville, kisha akakutana na kizuizi hichohicho kwenye benchi la kanisa.

Pili, picha ya mtu ikipita kwenye WhatsApp na maneno kwamba ni mwizi au mwuaji, isipite kwenye simu yako. Kama una ushahidi, upeleke polisi. Kama huna, wewe si shahidi.

Tatu, ndugu yetu akishtakiwa, tusimame naye bila kusimama na kosa. Kutoka 23 inatukataza kufuata umati katika uovu, na inatukataza pia kumpendelea maskini katika shauri lake kwa kuwa tu ni maskini. Basi tusiseme hana hatia kwa sababu tu ni Mkongo mwenzetu, Mtanzania mwenzetu au mshirika wa kwaya. Huo nao ni ubaguzi, umegeuzwa tu upande wa pili. Kama kuna aliyeuawa, kuna mama anayelia, na pengine analia kwa Kizulu au Kisotho. Tumwombee kwa jina. Anayejua ukweli aende akauseme, hata ukimwumiza mtu wetu. Tunachokidai kwa ajili ya mshtakiwa ni kitu kimoja: aulizwe kile ambacho mkono wake umefanya, na asikilizwe anapojibu.

Nne, tujue sheria ya nchi hii na tuishukuru. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila mtu anayeshtakiwa haki ya kusikilizwa kwa haki. Kinasema kila mtu; hakikusema kila raia. Anahesabiwa hana hatia mpaka ithibitishwe. Ana haki ya kukaa kimya. Ana haki ya wakili, na asipokuwa na uwezo serikali impe, ikiwa bila wakili haki itapotea. Ana haki ya kesi kuendeshwa kwa lugha anayoielewa, au kutafsiriwa. Mtu asikubali mashtaka ambayo hakuyaelewa, kwa aibu ya kusema kwamba Kiingereza chake ni kidogo. Paulo hakuona haya kuitumia sheria ya Kirumi ilipokuwa upande wa haki. Aliuliza kama ni halali kumpiga mtu ambaye hajahukumiwa, na mjeledi ukasimama.

Nchi hii imejifunza kwa gharama kubwa. Mahakama ya Katiba, pale juu ya kilima kati ya Hillbrow na Braamfontein, imejengwa kwenye uwanja wa gereza la zamani lililowahi kuwafungia wagomaji wa 1922. Ni mahakama hiyo, tarehe 6 Juni 1995, iliyoamua kwamba adhabu ya kifo haipatani na Katiba. Kosa la hakimu halikosi kutokea, lakini mtu aliye hai anaweza kuombwa msamaha. Long, Sacco na Vanzetti hawakuweza.

Mgalilaya aliyeshtakiwa

Mwisho, tumtazame Bwana wetu. Mbele ya Pilato walimshtaki kwamba anawachochea watu, na wakataja alikoanzia: Galilaya. Mgeni wa kaskazini, na mchochezi. Ni tuhuma zilezile mbili. Usiku ule Petro alitambuliwa uani kwa lafudhi yake. Pilato alitafuta hatia, hakuiona, akasema hivyo waziwazi, kisha akamtoa asulubiwe, kwa sababu aliuogopa uso wa watu kuliko alivyomwogopa mwenye hukumu.

Kanisa linalomwabudu mtu aliyehukumiwa hivyo haliwezi kuwa jepesi kuhukumu. Ndugu zetu wanaotaka kusindikizwa mahakamani au kutafsiriwa hati wasikae kimya. Waseme na wazee baada ya ibada. Paulo alikuwa na mpwa wake aliyekuja ngomeni kumpasha habari. Na kila mshtakiwa kati yetu awe na mtu wa kuja.

Tuombe. Ee Bwana, mwamuzi wa dunia yote, wafariji waliofiwa kwa mikono ya wauaji, wawe wenyeji au wageni. Wape mahakimu wa nchi hii ujasiri wa kutoogopa uso wa mtu. Walinde walio mahabusu usiku huu ambao hakuna anayejua lugha yao. Na sisi, utuzuie kudhani pale unapotaka tuulize. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.